Siku Saba za Bamvua: Kuhesabu Vitwitwi kutoka Bagamoyo hadi Tanga

Siku ya 1, mwezi 12. Bagamoyo, ufuo wa mjini hadi Kaole

Safari ya kuhesabu ndege wa pwani haipangwi kwa kalenda ya ukutani, inapangwa kwa mwezi wa angani. Mwezi 12, yaani siku ya kumi na mbili tangu mwezi kuandama, maji hujaa Bagamoyo karibu saa 8 mchana. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa dakika 35 hadi 45, mpaka mwezi 15 yajae saa 10 alasiri, na mwezi 18 yajae jua likiwa linazama. Kabla ya mwezi 12 maji hayapandi vya kutosha kuwafukuza ndege mchangani. Baada ya mwezi 18 yanajaa gizani. Basi siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita siku nyingine, ni hizo saba, na ni katikati ya Aprili, ndege wanapojiandaa kurudi kwao kaskazini. Tunataka kujua kama joto la dunia linabadilisha wakati wao wa kuondoka.

Jina kitwitwi huku pwani hubeba ndege wengi wadogo wa miguu myembamba. Kwenye daftari lazima wagawanywe. Yupo mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kwenda chini, Calidris ferruginea, anayezaa Siberia, hasa rasi ya Taimyr. Yupo mweupe anayekimbizana na wimbi, Calidris alba, wa Aktiki ya mbali zaidi. Wapo vitwitwi wa mchanga, mkubwa na mdogo, wanaozaa nyika na milima ya Asia ya Kati. Yupo sululu, Numenius phaeopus, ambaye mdomo wake umepinda kama chombo chenyewe cha kuchimbia. Na yupo yule mweusi na mweupe mla kaa, Dromas ardeola, ambaye safari yake inaishia Bahari ya Shamu, Uarabuni na Somalia ya kaskazini.

Mzigo: darubini ya 8x42 kila mtu, teleskopu moja ya kukuza mara 20–60 yenye miguu mitatu, kaunta ya mkononi ya kubofya, dira, jedwali la maji ya bahari, penseli. Wino unayeyuka kwa mvua na rasharasha, penseli haiyeyuki. Na chupa ya maji baridi ya kisima kwa ajili ya lenzi tu, si ya kunywa. Chumvi ya upepo wa bahari ni punje ngumu. Ukifuta lenzi kavu kwa kitambaa unaichora. Mwagia maji kwanza, acha yatiririke, ndipo ufute.

Saa 2 asubuhi maji yalikuwa yamekupwa mbali na ndege wametawanyika kilomita nzima ya mchanga na tope. Saa hiyo usihesabu, utajidanganya. Itumie kujifunza nani anakula nini: sululu alimvuta kaa mwenye gando moja kubwa kutoka shimoni, akamkung'uta mpaka miguu ikamdondoka, akammeza kiwiliwili. Mchana, nyuma ya michu, aina ya mikoko, ya Kaole, ndege walisogea kwenye kiwara cha chumvi kisichofikiwa na maji. Huko ndiko hesabu ilikofanyika, kutoka umbali wa mita 120. Ukiwasogelea hadi 60 wanaruka, na kila wanaporuka wanachoma mafuta waliyoyatafuta wiki nzima. Pikipiki moja ya kukatiza ufuoni iliwarusha wote. Ilibidi kusubiri dakika 15 watulie na kuanza upya kutoka sifuri.

Siku ya 2, mwezi 13. Mabwawa ya chumvi, kaskazini ya mji

Mabwawa ya nje yanayopokea maji ya bahari yana kina. Ya ndani, chumvi inakoganda, hayana kiumbe cha kuliwa. Vitwitwi wanataka yale ya katikati, maji yasiyozidi sentimita 5, kwa sababu miguu ni mifupi na mdomo lazima ufike topeni. Mtu anayefika mara ya kwanza huanzia kwenye bwawa kubwa linalong'aa na kuandika kwamba hakuna ndege.

Fika saa moja na nusu kabla ya maji kujaa. Alasiri jua liko magharibi, hivyo kaa kwenye tuta la magharibi ukitazama mashariki. Vinginevyo kila ndege ni kivuli cheusi. Teleskopu iwe 20 au 25. Ukiikuza hadi 60 mchana wa jua kali, mazigazi yanachezesha picha na mdomo uliopinda unaonekana mnyoofu. Kusimama juu ya tuta badala ya kuchuchumaa chini yake kunapunguza mazigazi hayo kwa kiasi cha kushangaza.

Hesabu ina mizunguko mitatu. Wa kwanza ni jumla bila kujali aina, kutoka kushoto kwenda kulia, bofyo moja kwa kila ndege kumi. Kundi likiwa kubwa mno, hesabu kumi kwa makini, itazame nafasi waliyoijaza, kisha pima kundi lote kwa nafasi hiyo. Kosa la kawaida hapa ni kupunguza, si kuzidisha: jicho likichoka linaona kumi pale walipo kumi na tano. Wahesabu wawili wakipishana kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, wote wanarudia, na hakuna kupatanisha kwa kugawa katikati. Mzunguko wa pili ni wa aina.

Wa tatu ndio uliotuleta. Chukua ndege 50 wa aina moja, leo Calidris ferruginea, na kila mmoja mpe alama mbili. Ya kwanza ni ya manyoya, 1 hadi 7: 1 ni kijivu kitupu cha msimu wa kukaa huku, 7 ni wekundu wa tofali kuanzia usoni hadi tumboni. Ya pili ni ya tumbo, 1 hadi 5: 1 limebonyea nyuma ya miguu, 3 limenyooka, 5 limening'inia chini ya mkia kama mfuko. Usichague. Chukua kila ndege wa tano kadiri teleskopu inavyopita, hata akiwa amegeuka. Jicho la binadamu linapenda chekundu. Ukiliachia lichague, kundi zima litakuwa na alama 6, na utaandika kwamba wameiva wakati nusu yao bado ni kijivu.

Kwa nini tumbo? Kwa sababu siku ya kuondoka ni ngumu kuishuhudia. Inahitaji mtu kila ufuo, kila jioni. Unene unaonekana wiki kadhaa kabla. Kitwitwi huyu akiwa mkavu ana gramu 55 hivi, na kabla ya safari anaweza kupita 80. Kutoka hapa hadi Taimyr ni karibu kilomita 10,000, na tumboni ndiko petroli iliko.

Shida yenyewe ni saa anayoitumia. Ndege huyu ana mwendo wa mwaka ndani ya mwili wake, na urefu wa mchana ndio unaousahihisha. Bagamoyo tofauti ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote ni kama dakika 45 tu, lakini zinamtosha. Urefu wa mchana haubadiliki kwa joto la dunia. Aprili ya leo ina jua lile lile la Aprili ya babu zetu. Kinachobadilika ni theluji ya kule aendako: picha za setilaiti za Taimyr za miaka 33 zilionyesha theluji ikiyeyuka mapema kwa wastani wa nusu siku kila mwaka. Zijumlishe, ni zaidi ya wiki mbili. Wadudu wa tundra, nyika ya baridi isiyo na miti, wanafuata theluji, si kalenda, wanafumuka na kuisha. Vifaranga vya kitwitwi vinajitafutia chakula tangu siku vinapototolewa, mama havilishi. Vikitoka yaini wadudu wakiwa wamepungua, vinadumaa.

Mfano unaojulikana sana ni wa ndugu yake, Calidris canutus, katika utafiti uliotolewa mwaka 2016. Miaka ambayo theluji ya Taimyr iliyeyuka mapema, ndege wachanga waliokamatwa wakipita Poland walikuwa wadogo na wenye midomo mifupi. Walipofika Mauritania kula chaza waliojifukia mchangani, midomo haikufika. Wakabaki kula mizizi ya nyasi za bahari, na wengi hawakuuona mwaka wa pili. Joto la kaskazini liliwaua Afrika. Takwimu za Mauritania ni za Mauritania, zisihamishiwe Bagamoyo, ila njia ya kupata zetu ni hii ya tumbo na manyoya, mwaka baada ya mwaka, bwawa lile lile.

Anaweza kurekebisha njiani? Kidogo. Akituama Bahari ya Kaspi au Sivash, kando ya Bahari ya Azov, kaskazini ya Bahari Nyeusi, anaona majira yamewahi na anaweza kukatisha mapumziko. Lakini akiondoka kabla ya kujaza mafuta anaanguka mbele.

Siku ya 3, mwezi 14. Mlango wa Ruvu

Mvua kuanzia alfajiri. Mashua ilisubiri mpaka saa 6. Mlangoni sululu walikuwa juu ya matawi ya mikoko, kwani sululu hulala juu ya miti maji yakijaa, jambo ambalo vitwitwi wadogo hawalifanyi. Anayeangalia mchanga tu anawakosa wote.

Mchana tulirudi kwenye mabwawa ya jana. Karibu nusu ya ndege hawakuwepo. Mzee mmoja wa chumvi, aliyekuwa anafunika rundo lake kwa turubai, alisema, "Wanangu, hawajaenda Ulaya hao. Wamefuata vidimbwi vya huko nyuma." Na ndivyo ilivyokuwa. Kilomita mbili ndani, uwanda ambao juzi ulikuwa umepasuka kwa ukavu ulikuwa na maji ya kifundo cha mguu na vitwitwi kila pembe.

Hilo ni kosa la kwanza kubwa la kazi hii: masika yakianza, ndege wanatawanyika, na kutawanyika kunafanana sana na kuondoka. Masika yakiwahi wiki mbili, mhesabu mvivu anaandika kwamba ndege wamewahi wiki mbili. Dawa ni kipimo cha mvua. Kopo lililonyooka pande zote na rula ya milimita vinatosha, lisimame mahali pa wazi, lisomwe kila siku saa 3 asubuhi. Safu ya mvua ikae kando ya safu ya ndege kwenye ukurasa uleule. Huku hali ya mvua inazidi kuyumba. Vuli ya 2019, magharibi ya Bahari ya Hindi ilipopata joto kuliko mashariki yake, ilifurika pwani nzima, na Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Tanzania wakati ambao pwani haina desturi ya vimbunga kabisa. Mabwawa ya chumvi yakigeuka ziwa, hesabu ya mwaka huo iandikwe, lakini pembeni iandikwe pia kwamba yalikuwa ziwa.

Siku ya 4, mwezi 15. Saadani

Mabwawa yako karibu na kijiji cha Saadani, na ukiingia ndani ya hifadhi kwa miguu lazima uwe na askari wa hifadhi mwenye silaha. Panga jana yake. Ukimwomba asubuhi utampata saa 5, na asubuhi imekwisha.

Maji yalijaa saa 10 kamili. Tofauti ya kujaa na kupwa kwa bamvua pwani hii hupita mita 3, kwa hiyo mchanga wote ulifunikwa na kila ndege wa eneo akabanwa kwenye matuta. Heroe walikuwepo pia, wekundu kwa mbali. Ni wazuri na hawahusiki, ndege wa kuhamahama kwa maziwa yetu wenyewe, si wa Siberia.

Kubanwa huko ndiko kosa la pili, na ndilo linaloharibu kumbukumbu nyingi za miaka iliyopita kuliko mvua. Mwaka wa mwezi una siku 354. Kila mwaka wa jua bamvua inarudi nyuma siku 10 au 11. Mwaka 2025 mwezi mpevu wa Aprili uliangukia tarehe 13. Mwaka 2026 uliangukia tarehe 2. Sasa mchukue mtu mwaminifu anayehesabu kila mwaka tarehe 13 Aprili, bwawa lile lile, saa ile ile ya alasiri. Mwaka 2025 alikuta bamvua, ndege wote wamejazana mbele yake. Mwaka 2026 tarehe hiyo iliangukia siku tatu baada ya robo ya mwisho, maji bado mafu, yaani madogo. Siku kama hiyo maji hujaa mapema mchana. Alasiri yanakuwa yameshaanza kupwa. Hata yakijaa hayafuniki mchanga wote, na ndege hawana haja ya kwenda bwawani. Akaona wachache. Ataandika nini? Kwamba wameondoka mapema kuliko mwaka jana, na atalaumu tabianchi, na hatakuwa amesema uongo kwa makusudi.

Kwa hiyo kila hesabu inabeba tarehe mbili: ya jua na ya mwezi. Ukilinganisha miaka, linganisha bamvua kwa bamvua. Bamvua hizo zitapishana tarehe, hilo haliepukiki, na hapo ndipo alama za tumbo na manyoya zinapookoa kazi, kwa sababu tumbo la ndege halijali maji yamejaa saa ngapi. Chora mstari: tarehe ya jua chini, wastani wa alama za tumbo wima. Kila mwaka una mstari wake. Mstari ukisogea kushoto miaka kumi mfululizo, hapo una jambo la kusema. Mwaka mmoja au miwili haisemi kitu.

Na usiweke imani kwenye "ndege wa mwisho kuonekana". Watu wanaipenda tarehe hiyo kwa sababu ni rahisi. Inategemea zaidi ni mara ngapi ulitoka kutazama kuliko ndege wenyewe. Wakitoka wahesabu wawili badala ya mmoja, ndege wa mwisho anachelewa wiki.

Siku ya 5, mwezi 16. Mkwaja hadi Bweni

Siku ya barabara, tope jekundu hadi ekseli. Juu ya Mkwaja, baada ya mvua, kozi wadogo wa Amur walikuwa hewani wakidaka kumbikumbi kwa miguu na kula wakiruka. Hao hufika Afrika Novemba na Desemba kwa kuvuka Bahari ya Hindi, kaskazi ikiwasukuma, na sasa wanarudi Asia ya mashariki. Chakula chao kinategemea mvua ya siku ile, si urefu wa mchana. Waliandikwa, hawakuhesabiwa. Jioni kuvuka mto hadi Pangani mjini.

Siku ya 6, mwezi 17. Maziwe

Maziwe ni fungu la mchanga, kama kilomita 8 kutoka Pangani. Zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje na kasa walitaga. Miti ikaisha, mawimbi yakala mchanga, na sasa bamvua ikijaa hakuna kitu isipokuwa maji. Mashua lazima ifike maji yakipwa, leo saa 5 asubuhi, na iondoke kabla ya saa 8. Nahodha ndiye mwenye neno hapo, si mhesabu.

Wala kaa walikuwa wamesimama kwa safu, wote wakitazama upepo. Katikati yao mmoja mchanga, mwenye mgongo wa kijivu pale wakubwa walipo na mweusi, alikuwa anamfuata mkubwa kwa filimbi isiyokoma. Huyo amezaliwa mwaka jana, amesafiri na mzazi, na bado anadai kulishwa. Ndege huyu hutaga yai moja jeupe ndani ya shimo mchangani, ambako joto la mchanga linasaidia kuliatamia. Hangoji theluji iyeyuke. Ndiyo maana ni mzuri wa kulinganishia: ukiona wa Taimyr amebadilika na mla kaa hajabadilika, tafuta sababu kaskazini. Wakibadilika wote wawili, anza kwa kutafuta sababu hapa hapa pwani, na mchanga unaozama ni mojawapo. Fungu kama hili likitoweka saa mbili zaidi kila siku, ndege anakosa pa kupumzika bila kutumia mafuta.

Siku ya 7, mwezi 18. Tanga, rasi ya Chongoleani

Rasi inayoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, ina upande wa pili wenye mikoko na tope, na huko watu ni wachache. Upepo ulikuwa wa malelezi, kaskazi imekufa na kusi haijashika, lakini kuanzia saa 9 ulivuma kutoka kusini. Vyombo vya zamani vilingoja upepo huo kurudi Arabuni. Ndege nao wanaungoja, na sababu ni ile ile.

Kuondoka kuna dalili zake. Kundi linaacha kula maji yakiwa bado yanaruhusu kula. Wanaoga, wanachambua manyoya, wanapiga kelele bila sababu. Kikundi kinapaa mita chache na kutua. Kisha, kwenye saa mbili za mwisho za mchana, kinapaa na hakitui: kinazunguka kikipanda, kelele zinaongezeka, kinajipanga mstari wa mshazari, kinashika mwelekeo. Andika saa, idadi, mwelekeo kwa dira, upepo. Kufuata kwa teleskopu kuendelee mpaka kipotee kwenye lenzi ya 20. Kabla ya hapo hakijaondoka. Ndege wanaochomoka nyuma ya mstari na kurudi wapunguzwe kwenye idadi.

Wale wa kijivu waliobaki wakila kana kwamba hakuna kinachoendelea si wachelewaji. Ni wa mwaka wa kwanza, manyoya ya mabawa yamechakaa, tumbo alama 2, na watakaa huku hadi mwakani. Waandikwe safu yao. Wakichanganywa na wasafiri, msimu wa kuondoka utaonekana hauishi mpaka Agosti.

Kundi la kwanza lilipotea saa 11 na dakika 10, kaskazini-kaskazini mashariki. La pili saa 11 na nusu, mwelekeo ule ule, sita wakarudi. La tatu saa 12 na dakika 2, sululu watupu, chini chini juu ya maji. Maji yalikaribia kujaa, jua limeshagusa mikoko. Saa 12 na dakika 20: kundi la nne, wekundu, matumbo 4 na 5, limepanda, limezunguka mara mbili, limerudi mchangani.